Kinyozi Redio Ajifunza Kuongea Upya

Jumapili, 2 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili na kuniambia, "Baba watoto, mengine andika humu. Masikio yangu yamechoka." Miaka yote ya ndoa, leo ndiyo masikio yamechoka! Haya, tutaandika.

Mimi ni kinyozi. Duka langu lina viti viwili vya kuzunguka, benchi moja la kusubiria na kioo kilichojaza ukuta mzima. Wateja wananiita Redio tangu enzi za mkasi, kabla sijanunua mashine ya umeme. Hawaniiti hivyo kwa ubaya. Mtu anaingia na nywele, anatoka na kichwa safi pamoja na habari zote za mtaa. Wapi pengine atapata hivyo?

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana. Vumbi limetulia, paa la jikoni limeanza kuvuja palepale pa mwaka jana.

Jumanne, 4 Machi

Leo nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Binti yangu anafanya kazi duka la dawa, mji wa pili kutoka hapa. Ana mtoto mmoja, mjukuu wangu wa pekee, tunamwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi aliyo nayo shavuni. Kidoti alipata homa kali akiwa ndiyo kwanza anaanza kutamka "babu". Homa ikapona, masikio hayakupona. Alipokuwa mdogo tulielewana tu, mimi na yeye, kwa kuonyeshana vidole na kukunja nyuso. Mwaka jana mama yake akampeleka shule ya bweni ya viziwi. Nilipinga kwa nguvu zangu zote. Mtoto mdogo vile akalale na watu asiowajua? Binti yangu hakuniuliza mara mbili. Yule akishaamua haambiliki, kamrithi mama yake.

Basi leo binti yangu amempigia mama yake simu. Likizo ijayo, shule ikifungwa mwisho wa Mei, Kidoti hataki kuja kwetu. Ameomba aende kwa rafiki yake wa shuleni.

"Kwa nini?" nikauliza huku nikijifuta miguu, nilikuwa natoka kuoga.

Mke wangu akaangalia pembeni. "Anasema nyumba ya babu iko kimya sana."

Nyumba yangu! Kimya!

Nilitaka kucheka. Mke wangu hakucheka. Akaniuliza kwa upole, "Likizo iliyopita uliongea naye nini?" Nilimpigia kelele sikioni, ndicho nilichofanya, kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Mtoto amerudi kutoka shule, mikono imejaa maneno, hana wa kumwambia. Akakaa ngazini siku nzima akiongea na vidole vyake mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Wateja wameniuliza kama naumwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamua. Nitajifunza lugha ya alama, na nitajifunza kimyakimya, binti yangu asijue. Tarehe tano Aprili ni siku ya wazazi kule shuleni. Barua ya mwaliko inasema kila mzazi atamsalimia mtoto wake mbele ya ukumbi. Watu watamsalimia kwa kupunga mkono. Mimi nitamsalimia kwa lugha yake, mpaka ukumbi ushike vichwa.

Fundi Saa, jirani yangu wa mlango wa pili, ndiye aliyenifundisha kutafuta video kwenye simu. Fundi Saa ni mtu wa maneno machache, ukimsalimia anafikiria kwanza. Tumempata mwalimu mmoja hodari, jamaa mwenye miwani ya kijani. Anasimama mbele ya ukuta mweupe, anaonyesha picha, kikombe, nyumba, mama, kisha anaonyesha alama yake kwa mikono. Maandishi ya chini ni ya lugha nisiyoijua, lakini picha inajieleza. Waliomtazama ni wengi kuliko watu wa mji huu wote.

"Huyu ni wa wapi?" akauliza Fundi Saa.

"Wa wapi ndiyo nini? Mikono ni mikono, bwana. Wa huku ana vidole vitano, na wa kule ana vitano."

Fundi Saa akafikiria, akarudi kwenye saa zake.

Jumamosi, 15 Machi

Najua maji, chai, nyumba, mvua, mama, baba, njaa, asante, nakupenda, nzuri, mbaya, na neno moja ambalo nadhani ni "choo". Simu nimeiegemeza kwenye rafu nyuma yangu, naitazama kwenye kioo huku nanyoa. Kinyozi hageuki nyuma akiwa na wembe mkononi.

Jamaa wa miwani ya kijani amefundisha pia kwamba viziwi wana majina ya alama, mtu hatajwi kwa herufi bali kwa kitendo kimoja cha mkono. Nikaona nisichelewe. Nimejipa jina: vidole vyote vinashuka kichwani kama mtu anayevikwa taji. Mfalme wa Vichwa. Nimelifanya mbele ya kioo mara nyingi tu, limenikaa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimegundua taabu ambayo sikuitarajia. Maisha yangu yote nimeongea huku nanyoa. Lugha hii haikubali! Ukishika mashine, umeshikwa ulimi. Ukitaka kusema neno, weka mashine chini, futa povu, ndipo useme. Leo nilikuwa namwonyesha mteja wangu, mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, sentensi nzima, naye yuko kitini na nusu ya kichwa. Kengele ya shule ikalia.

"Redio, kengele hiyo!"

"Subiri, bado kitenzi."

Ameondoka na nusu ya kichwa, kofia juu. Jioni amerudi kumalizia, na amecheka, Mungu ambariki.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua tangu asubuhi. Bando limekwisha nikiwa katikati ya neno "subira".

Jumanne, 1 Aprili

Nimemwonyesha mke wangu hotuba yangu. Alikuwa anachambua mchele. Nikasimama katikati ya sebule, nikaanza na jina langu, taji kichwani, kisha: mjukuu wangu, mimi babu yako, nakupenda, nimejifunza kwa ajili yako, njoo nyumbani.

Ametazama mpaka mwisho, sinia mapajani. Macho yalimlengalenga, sikufichi. Kisha akauliza, "Mbona hukumwomba binti yako akufundishe? Si anaijua?"

"Nimwombe? Ili aniambie 'nilikwambia, Baba'?"

"Kwa hiyo unajifunza kwa ajili ya mtoto, au unamkomesha mama yake?"

Maswali mengine mtu huyauliza kwa makusudi. Nikaenda kuangalia paa la jikoni.

Ijumaa, 4 Aprili

Kesho ndiyo kesho. Nimejinyoa mwenyewe, nimepiga pasi shati jeupe. Mikono nimeipaka mafuta.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika haya nikiwa nimevaa shati lilelile, sina nguvu ya kulivua.

Mimi na binti yangu tulifika na mvua. Ukumbi wa shule una paa la bati, na mvua ilipiga pale juu mpaka sisi tunaosikia tukawa hatusikilizani. Wazazi wanapigiana kelele, "Nini?" "Unasemaje?" Na watoto, walio upande wa pili wa ukumbi, wanaongea kutoka kona hii mpaka kona ile, wanataniana, wanachekana, hakuna mvua iliyowakatiza. Nilimwona Kidoti akiwa amesimama juu ya benchi, akimsimulia mwenzake jambo kwa mikono miwili, mabega, nyusi na mdomo. Sikuwahi kumwona akisimulia. Nikasema moyoni, ngoja, mjukuu wangu, zamu yangu inakuja.

Wazazi walipita mmoja mmoja. Wengi walipunga mkono, baba mmoja alimtumia mtoto wake busu, ukumbi ukafurahi. Ikafika zamu yetu. Binti yangu akaanza kunyanyuka, nikamshika bega. "Kaa. Ni mimi." Akanitazama kama vile nimesema nataka kuruka paa.

Nikasimama mbele. Taji kichwani. Mjukuu wangu. Mimi babu yako. Niliyafanya yote, sikukosea hata moja.

Hakuna kilichotokea.

Watoto walitazamana. Msichana wa mbele alimuuliza mwenzake jambo, mwenzake akapandisha mabega. Nikadhani hawakuona vizuri, nikarudia kwa mikono mikubwa zaidi, polepole, kama nilivyokuwa nikimpigia Kidoti kelele sikioni. Ndipo kicheko kikaanza, kwanza mmoja, kisha safu nzima. Kidoti alikuwa amefunika uso kwa viganja. Jamani, nimewahi kumkata mteja sikio. Sikujisikia vibaya hivi.

Binti yangu alikuja akasimama kando yangu.

"Baba, umejifunza wapi?"

"Kwenye simu."

"Kwa nani?"

"Kuna jamaa ana miwani ya kijani..."

Akaziba mdomo. Ndipo akaja mwalimu wa Kidoti, mwanamke mfupi, mchangamfu, naye ni kiziwi. Akaongea kwa mikono na binti yangu akanitafsiria kwa sauti kubwa, kwa sababu ya mvua.

"Anasema unaongea vizuri."

"Basi mbona..."

"Vizuri sana, anasema, mikono yako ni safi. Ila hiyo ni lugha ya alama ya nchi nyingine kabisa. Viziwi wa kule wana yao, sisi tuna yetu. Anasema ukienda kule hutapotea."

Wazazi waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mimi nikacheka pia, utafanyaje? Mwezi mzima wa bando na vichwa nusu, na mjukuu wangu hakuambulia neno.

Mwalimu hakuwa amemaliza. Alishusha vidole kichwani kama mimi, akiuliza.

"Anauliza hii ya mwanzo ni nini."

"Mwambie ni jina langu. Nimejipa mwenyewe."

Mwalimu akacheka mpaka akajishika kiuno. "Anasema jina halichukuliwi dukani, Baba. Jina unapewa na viziwi wenyewe, wakishakujua. Na ukipewa hubadilishi, hata usipolipenda. Lakini anasema pia," na hapa binti yangu alisita, "anasema amefundisha hapa miaka mingi, na wewe ndiye babu wa kwanza kuingia humu na mikono yake."

Nikatoka nje nikasimama chini ya upenu wa paa, nikitazama matope. Mtu akanivuta shati. Kidoti. Sikuthubutu kumwangalia usoni. Yeye akachukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza hivi, akakunja kidole hiki, akakinyoosha kile. Mimi nimeshika vichwa vya watu maisha yangu yote, nageuza kidevu, nainamisha shingo, mtu mzima anatulia kama mtoto. Leo nilijua kutulia kwao kukoje. Akaupeleka mkono wangu chini ya kidevu, akaushusha, kama mzee anayevuta ndevu zake. Akanielekezea kidole kifuani. Mkono kidevuni, kisha mimi.

Babu.

Nikajaribu. Akatikisa kichwa, akanirekebisha kidole gumba. Nikajaribu tena. Akakubali kwa kichwa, mara moja tu, kama fundi anayepokea kazi, kisha akakimbilia kwa wenzake bila kugeuka.

Kitu cha mwisho nikiandike kabla sijalala. Njia nzima ya kurudi binti yangu alikuwa ananitazama pembeni, akingoja nikasirike. Sikukasirika. Nilikuwa nafikiria mikono yake. Kwa mdomo binti yangu ananijibu "ndiyo Baba", "hapana Baba", basi. Leo nimemwona akiongea na mwalimu, na watoto, na Kidoti, anatania, anakatiza, anarudia, mkono hautulii. Nimekuwa nikisema kamrithi mama yake, kumbe kanirithi mimi. Mimi ni mjinga kweli.

Jumapili, 6 Aprili

Leo sina la kusema.

Jumanne, 8 Aprili

Nimezifuta video za jamaa wa miwani ya kijani. Hana kosa, maskini, aliwafundisha watu wake. Fundi Saa alikuja, akasimama mlangoni, akafikiria.

"Nilikuuliza ni wa wapi," akasema.

"Uliuliza."

Akaketi kwenye benchi mpaka mvua ilipopungua. Hatukuongea. Ni rafiki wa kweli yule.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika kabla hata sijafagia nywele za leo.

Nilikuwa namnyoa dereva mmoja, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa binti yangu: "Baba, ameomba mwenyewe. Mwalimu amekubali, kila Ijumaa baada ya masomo." Na chini yake video.

Kidoti amesimama mbele ya ubao, sweta la shule limemzidi mikono mpaka amelikunja. Anaangalia kamera kwa ukali. Anaonyesha kidevu: babu. Anasubiri. Anasubiri kweli, macho kwenye kamera, mpaka ajiridhishe kwamba nami nimefanya! Kisha bibi. Kisha mvua, vidole vinashuka. Kisha njoo, kula, lala, paka. Sijui kwa nini paka, hatuna paka. Mwishoni anainua kidole: tena. Na anaanza upya toka mwanzo.

Dereva aligeuka kitini na povu lake. "Mjukuu wako huyo?"

"Mwalimu wangu," nikasema.

Nilitaka kulisema kwa mzaha, nikajikuta nimeweka mashine chini na kufanya alama ya kidevu: babu.

Jumatatu, 14 Aprili

Fundi Saa amenirekodi nikijibu. Mara ya kwanza amerekodi miguu yangu, mara ya pili dari. Ya tatu nimeonekana mimi. Imetumwa.

Ijumaa, 18 Aprili

Somo la pili. Kidoti ameanza kwa kucheka, kisha akauliza jambo, na mama yake ameniandikia tafsiri: "Mbona babu anafanya kila kitu kwa mkono wa kushoto?"

Nimekaa nikafikiria kama Fundi Saa. Kioo! Nimekuwa nikiitazama simu kwenye kioo, kulia kumekuwa kushoto. Nani mwingine duniani angekosea hivi kama si kinyozi? Nimemwandikia binti yangu sababu, nikahamisha rafu mbele. Wateja wameulizana kwa nini nacheka peke yangu.

Ijumaa, 25 Aprili

Somo la tatu ni la chakula na hasira. Kidoti ana uso wa hasira ambao ningeweza kuutambua popote, ni wa bibi yake.

Mwalimu amefurahishwa na jambo hili mpaka sasa anarekodi darasa zima. Kila mtoto anafundisha neno moja, na video zinatumwa kwenye kikundi cha wazazi. Leo baba mmoja, muuza vipuri, ameandika humo: "Mwanangu ameniomba chumvi mezani, na nimempa chumvi. Asante kwa yule babu wa kioo." Nimewasomea wateja. Nimewasomea tena waliokuja mchana. Mke wangu amesema nisome sasa kimoyomoyo.

Benchi langu lote linajifunza. Mtu akisubiri zamu yake, simu ipo hapo mbele, atafanya nini? Mwalimu wa hesabu anajua "njoo" na "tena". Fundi Saa anajua yote. Anakaa kimya, anatazama, halafu ghafla unamkuta anajua yote. Nahisi lugha hii ilikuwa inamngoja yeye.

Ijumaa, 2 Mei

Upepo wa jana umeangusha mnara wa mtandao. Hakuna video.

Jumanne, 6 Mei

Hakuna mtandao. Mvua haikatiki. Duka limeingia maji mpaka kwenye kifundo cha mguu, nimeinua viti juu ya matofali na wateja wananyolewa wakiwa juu kama mahakimu.

Ijumaa, 9 Mei

Hakuna. Nimerudia masomo ya zamani mpaka mke wangu amenikuta nikimwambia paka wa jirani "paka".

Mke wangu hajui kama Kidoti atakuja. Amesema, "Mpaka mnara unaanguka mtoto alikuwa hajajibu. Rafiki yake bado anamngoja." Sikuwa na video ya kutazama, wala ya kutuma, na shule inafungwa mwisho wa mwezi. Nimeogopa, nasema wazi. Nimeogopa kwamba akinyamaza wiki hizi, atazoea.

Ijumaa, 16 Mei

Mtandao umerudi leo mchana, na video zimeingia kwa mfululizo kama wateja wa siku ya kuamkia sikukuu. Zilikuwa zinaningoja zote! Somo la wanyama na la rangi. Kwenye ya mwisho hafundishi kitu. Amesimama karibu sana na kamera, uso umejaa, ananiuliza jambo. Nimeitazama mpaka macho yakauma. Nimeona "mimi", nimeona "kuja", nimeona "babu". Katikati pana neno silijui.

Mwezi Machi ningekaa na ujinga wangu mpaka kesho kutwa. Leo nimempigia binti yangu.

"Mama, nisaidie. Sielewi."

Nadhani hakuwahi kunisikia nikisema hivyo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba, anauliza hivi: nikija kwenu, utaniambia nini?"

Nimeshukuru, nikakata simu, nikafuta meza. Nimemwambia Fundi Saa, "Lete simu, na usirekodi miguu."

Nimemsimulia Kidoti habari ya mwalimu wa hesabu na nusu ya kichwa. Hadithi nzima, mwanzo mpaka mwisho, kwa mikono. Nimekosa maneno mengi. Neno "kengele" silijui, nimeitingisha tu hewani. Neno "kofia" nimevaa kofia. Lakini nimeweka uso, nimeweka mabega, nimekuwa mimi, kisha nimekuwa mteja, kisha nimekuwa kengele. Mwalimu wa hesabu mwenyewe alikuwepo kwenye benchi, akaingia kwenye picha na kuinamisha kichwa kama ushahidi. Mwishoni nimesema: hadithi nyingine ziko hapa, nyingi, njoo.

Imetumwa. Nimenyoa ovyo jioni nzima.

Alhamisi, 22 Mei

Video fupi kuliko zote. Mimi. Kuja. Na halafu: "kichwa nusu nitakiona?"

Nimemkumbatia mteja aliyekuwa kitini. Simjui ni nani, ni mara yake ya kwanza dukani.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imesita. Nimeziba paa la jikoni, mke wangu amelitazama na kusema "hatimaye".

Jumamosi, 31 Mei

Wamefika jana, binti yangu na Kidoti, na leo asubuhi nimemleta mtoto dukani.

Nilikuwa na wasiwasi. Nilidhani atachoka, au ataona haya. Kumbe! Ameketi mwisho wa benchi, akatazama kioo, macho yakamtoka. Kwa kiziwi, duka la kinyozi lenye kioo cha ukuta mzima ni nini? Anawaona wote kwa mara moja. Anaona anayeingia nyuma yake, anaona anayecheka pembeni, anaona mikono ya kila mtu bila kugeuza shingo. Nimekaa na kioo hiki miaka yote hiyo, na ni leo mjukuu wangu ameniambia kina kazi gani.

Fundi Saa aliingia, akamsalimia kwa mikono, wakaongea. Waliongea sana! Mtu asiyenipa maneno mawili kwa siku amempa mtoto sentensi nzima, na nyusi juu. Mwalimu wa hesabu alikuja na kuomba anyolewe nusu kwanza, ili mtoto aone. Nikamnyoa nusu. Kidoti alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye benchi. Anacheka kwa sauti kubwa, mjukuu wangu, sauti ya kutoka tumboni, na yeye haisikii. Sisi tuliisikia wote. Niliweka mashine chini, nikajifanya natafuta kitana.

Nimemsimulia habari ya mafuriko na wateja juu ya matofali. Nimemsimulia habari ya mama yake alipojikata nywele mwenyewe akiwa mdogo. Nimemsimulia habari za majirani zote, na nyingine nimeziongezea chumvi. Wateja wamekaa na povu likikauka. Hakuna aliyelalamika. Mmoja alilalamika, wenzake wakamnyamazisha.

Mchana binti yangu alituletea chakula. Nilikuwa nakula na kuongea, kijiko mkono huu, maneno mkono ule. Kidoti alinitazama kwa muda, akamgeukia mama yake, akasema jambo, na kufanya alama ambayo sijaiona kwenye somo lolote. Viganja viwili mbele ya kifua, vidole vinafunguka na kufumba, vinafunguka na kufumba, haviachi. Akanielekezea kidole.

Binti yangu aliweka sahani chini. Alicheka mpaka akalia, akajifuta, akaanza tena.

"Anasemaje? Nimekosea nini?"

"Hujakosea, Baba. Amekupa jina. Anasema darasani walijadiliana, lakini alitaka akuone kwanza nyumbani kwako." Akarudia ile alama, polepole. "Mikono Isiyonyamaza. Baba, mtoto huyu hajawahi kusikia mtu yeyote akikuita Redio. Hakuna aliyemwambia. Ameliona mwenyewe."

Fundi Saa, kwenye benchi, akafikiria. Kisha akainua mikono yake na kuniita kwa jina langu. Mwalimu wa hesabu naye akaniita. Kwenye kioo wote walikuwa wakiniita pamoja, binti yangu akiwemo, na Kidoti katikati akiwarekebisha vidole mmoja mmoja.

Jumapili, 1 Juni

Mke wangu anasema tangu jana natembea kama mtu aliyevishwa taji. Nimemwambia taji nililivua mwenyewe, hili jina nimepewa.

Kidoti amekaa mbele yangu mezani. Amenigonga mkono mara mbili, sasa ananionyesha kwa uso wa bibi yake: weka kalamu chini, ukiishika huwezi kuongea.